Kibuyu Kilirudi Kikavu

Kalangalala, Geita
11 Mei 2024

Kwa Bibi Limi ng'wana Makoye, Samuye.

Shikamoo Bibi.

Hunijui, au ulinijua ukanisahau. Naitwa Zuhra Maulidi. Nina miaka thelathini, nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Geita mjini. Baba yangu, Maulidi muuza vitenge, alifariki mwezi wa tatu. Katika sanduku lake la bati, chini ya kanzu zake, nimekuta kibuyu kidogo chenye mistari mitatu iliyochomwa kwa moto shingoni. Ndani kulikuwa na karatasi imekunjwa, mwandiko wa Baba: "Limi ng'wana Makoye, Samuye, uzio wa minyaa. Mama yake Mwahija."

Mwahija ni mama yangu. Alifariki mimi sijatimiza miaka mitatu. Baba aliniambia kwao wote wameisha, hakubaki hata mmoja, na mimi nimekua nikiamini hivyo. Sasa karatasi inasema kuna Limi. Nimempa barua hii Davis, konda wa basi la Shinyanga, aiache kwa mtendaji wa kijiji chenu. Ikirudi, imerudi.

Kama upo hai, Bibi, nina swali moja tu. Kwa nini hakuna aliyekuja kunitafuta? Siulizi kwa ubaya. Nina mimba ya miezi minne, na nataka nijue mwanangu anatokea kwa watu gani.

Mjukuu wako, kama ni kweli,
Zuhra

*

Samuye
26 Mei 2024

Mke mwenzangu Zuhra,

Marahaba, marahaba tena. Eti "kama upo hai"! Nipo, mama. Nipo na meno yangu kumi na mawili, na barua yako nimeisoma mwenyewe, maana nilisoma kisomo cha watu wazima mpaka nikapewa cheti, na mwalimu wetu alisema mwandiko wangu unawashinda makarani. Mtendaji alitaka kunisomea. Nikamwambia lete hapa, umbea katafute kwingine. Kisha nikaingia ndani nikalia mpaka mbuzi wakaja kuchungulia.

Ile mistari mitatu ni yetu. Mama yangu aliichoma, na mama yake kabla yake, kila kibuyu cha nyumba hii. Mama yako aliondoka na hicho kimoja tu. Huku kwetu yeye ni Mageni. Hilo la Mwahija alipewa huko alikoolewa, sikuwahi kulitamka. Juzi nimelitamka mara tatu jikoni, peke yangu, ili ulimi uzoee.

Umeniuliza swali nami nakujibu. Wewe ulizaliwa hapa hapa. Umekaa mgongoni mwangu mpaka ukaanza kukimbiza kuku. Siku moja niko shambani kwenye pamba, baba yako akaja, akakubeba, akaondoka nawe. Nilikutafuta hadi nikachoka. Basi, ndiyo hivyo.

Simu usinipigie. Masikio yamegoma. Nikishika simu napiga makelele mpaka majirani wanakuja wakidhani kuna msiba. Wewe andika. Na ule, umesikia? Mimba ya miezi minne haishibi chai na maandazi. Babu yako alishatutangulia siku nyingi, kwa hiyo usije mbio ukidhani utaninyang'anya mume, hakuna wa kunyang'anya.

Bibi yako, na ni kweli,
Limi

*

Kalangalala
9 Juni 2024

Mke mwenzangu Bibi Limi, shikamoo.

Nimesoma barua yako mbele ya mume wangu Sufiani nikicheka na kulia kwa pamoja, akaniuliza kama anipeleke hospitali. Mgongoni mwako! Nikiwa mdogo nilikuwa nawaonea wivu wenzangu wenye bibi. Kumbe nami nilikuwa naye.

Kibuyu cha mama nimekipeleka darasani. Tulikuwa kwenye mada ya jinsi mimea ilivyoenea duniani, na nilikuwa nahangaika namna ya kuwaelewesha watoto. Nikakiweka mezani. Nikawaambia: mmea huu asili yake ni Afrika. Lakini wachimbuaji wa mabaki ya kale wamekuta vipande vya vibuyu Amerika, upande wa pili wa bahari, vya miaka karibu elfu kumi. Miaka hiyo hapakuwa na meli ya kuvuka maji hayo. Nani alivipeleka?

Zamani wengine walisema ardhi ndiyo iliyogawanyika. Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa bara moja, likapasuka, kila kipande kikaondoka na mimea yake. Wengine wakasema ni watu walivibeba, wakipitia Asia. Siku hizi wengi wanaona vilikwenda vyenyewe. Kibuyu kikavu kinaelea, Bibi. Kuna wataalamu walivitumbukiza katika maji ya chumvi zaidi ya miezi saba, wakavipasua, wakapanda mbegu, zikaota! Watoto walinyamaza kimya, na kidato cha tatu hawanyamazi ovyo.

Nami nikafikiria sisi wawili. Wewe unasema nilibebwa. Basi nimebebwa, na leo nimeelea mpaka kwako.

Nakupenda, ingawa sijakuona,
Zuhra

*

Samuye
23 Juni 2024

Mke mwenzangu msomi,

Mwadila, ndiyo salamu ya huku kwetu. Nimekusikia, ila wewe na hao wataalamu wako mmenichosha. Kibuyu kivuke bahari peke yake, hakina makasia, hakina hata nahodha? Samaki wa huko hawana meno? Mimi kibuyu changu kikidondoka kisimani tu kinapasuka. Nimemsomea jirani yangu Salome, akasema labda wanafunzi wako walinyamaza kwa sababu wanakuonea huruma.

Lakini nimelala nikikiwaza. Naona mtu anaokota kibuyu ufukweni huko ng'ambo, anakigonga, anasikia mbegu zinacheza ndani. Hajui kimetoka kwa nani. Anazipanda tu. Huyo mtu nimempenda.

Salome ameniambia mwanawe alisoma shuleni kwamba muhogo na viazi vitamu navyo vilitoka huko Amerika. Niambie si kweli. Michembe yangu? Viazi ninavyokata na kuanika mwenyewe juani tangu nina matiti madogo, leo niambiwe ni wageni? Sasa Msukuma alikuwa anakula nini, majani?

Umesema ardhi ilipasuka. Na hao walioachwa kila upande, walikuwa wanajuana?

Tumbo linakuaje? Linacheza?

Limi

*

Kalangalala
14 Julai 2024

Bibi yangu mbishi, shikamoo.

Linacheza. Jana limempiga Sufiani teke akiwa amelala, akaamka kuomba radhi.

Pole sana kwa michembe. Ni kweli. Viazi vitamu na muhogo vimetoka Amerika, vililetwa na watu. Msukuma alikula mtama na uwele, na alikuwa na afya. Lakini mgeni aliyekaa miaka mamia, akalishwa akakulisha, bado ni mgeni?

Sasa kuhusu swali lako. Wanachofanya wataalamu ni hiki: wanachukua mimea miwili ya ukoo mmoja, mmoja wa huku na mmoja wa ng'ambo, wanapima vinasaba vyake, wanakadiria iliachana lini. Bara lile lilipasuka zaidi ya miaka milioni mia moja iliyopita. Wakikuta ndugu wawili waliachana juzi juzi tu, basi ardhi inaondolewa lawama. Haikuwatenga. Mmoja alisafiri, kwa maji au kwa upepo au tumboni mwa ndege. Kufanana pia hakutoshi. Minyaa ya uzio wako na dungusi wa jangwa la Amerika utadhani ni pacha, ila hawana ukoo. Kinachosema kweli ni tarehe.

Ndiyo maana nakuandikia leo, Bibi, na mkono wangu ni mzito. Katika sanduku la Baba nimekuta pia kadi yangu ya kliniki. Nilizaliwa katika kituo cha afya hapa Geita. Nimepimwa uzito hapa kila mwezi, hakuna mwezi uliorukwa, mpaka mama alipofariki na baada yake. Sikuwa na nafasi ya kukaa mgongoni mwako hata wiki moja.

Sikukasirika. Nakuomba tu uniambie. Sisi tuliachana lini, na kwa njia ipi?

Zuhra

*

Samuye
4 Agosti 2024

Zuhra,

Manesi nao hukosea. Wanaandika wamesinzia.

Nimempa Davis kibuyu cha maziwa ya mgando. Ni cha mistari mitatu, kikubwa, cha mama yangu mzazi. Tangu mama yako aondoke hakijatoka nyumbani hapa. Kiangazi hiki ng'ombe wawili tu ndio wanaotoa, maana ngitili yetu, pale tunapotunza majani ya kiangazi, imebaki na majani kidogo. Yote ya wiki nzima nimekutilia wewe. Kitikise kabla ya kunywa. Usimpe mumeo, yeye si mjamzito.

Salome anakusalimu.

Limi

*

Kalangalala
13 Agosti 2024

Shikamoo Bibi,

Maziwa yamefika, nimeyamaliza siku mbili, na Sufiani nilimpa vijiko viwili tu vya kuonja. Sijawahi kunywa kitu kitamu hivyo. Kumbe maziwa yanaweza kunukia moshi!

Nakurudishia kibuyu chako kwa Davis huyu huyu, ili usikose cha kutumia. Usijali, nimekitunza. Nimekiosha kwa sabuni ya unga, nikakisugua ndani kwa mchanga, nikasuuza kwa maji ya ndimu mara tatu, nikakianika siku mbili juu ya bati. Kimetakata kabisa, hakina hata harufu.

Swali langu bado liko pale pale. Nasubiri jibu lake.

Zuhra

*

Samuye
29 Septemba 2024

Zuhra,

Kibuyu nimekipata. Nimekaa nacho wiki sita mapajani, nikikinusa, nikishindwa kuandika.

Basi, nimeelewa. Ndugu wa baba yako wamekwambia. Nilijua ipo siku watakwambia. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kikavu, hata uwe fukara namna gani. Ukikosa cha kutia unatia chumvi kidogo, au punje tatu za mtama. Na kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni, kinapita maji ya moto na kufukizwa moshi, ili kinachokuja kikute harufu ya kilichotangulia. Mtu akikurudishia kimeoshwa hata harufu hakina, ndani pakavu, ameshakwambia: tumemalizana. Huna haja ya kuuliza mara ya pili. Umenirudishia neno langu mwenyewe, na ni haki yako.

Lakini kabla hatujaachana, acha uisikie kwa kinywa changu, maana watu wa Geita labda wamepunguza.

Mama yako aliondoka na baba yako bila kuaga. Akabadili dini, akabadili jina, nami nikasema sina tena mtoto. Nilisema hadharani, kwenye msiba wa babu yako, watu wakiwepo. Miaka mitano sikumwona. Siku moja, mwaka ule wa mvua kubwa zilizokata barabara, nikasikia mtu anabisha hodi. Alikuwa Maulidi. Nikamwona kwa upenyo. Miguu yake imejaa tope mpaka magotini, na mgongoni amekufunga wewe kwa kitenge kama mwanamke. Akasema, "Mama, Mwahija ametutoka, leo siku ya arobaini na tatu. Nimekuletea mjukuu wako. Mimi mwanaume peke yangu sitamlea kama utakavyomlea wewe."

Nilikuwa sijui kwamba Mageni amekufa, Zuhra. Nilijulishwa pale, nikiwa nyuma ya mlango.

Sikufungua. Nikaegemeza gogo. Nikamwambia, "Umeondoka na wangu mzima, unaniletea mabaki? Kaa nayo." Ndivyo nilivyosema. Mabaki. Akakushusha chini, nadhani alitaka nikuone. Ukaanza kuita, "Bibi! Bibi!" Alikuwa amekufundisha njiani. Uliita mara sita. Mara ya saba nilikuwa nimeshika gogo niliondoe, hukuita tena. Nilipofungua mlikuwa mmeshavuka korongo, na aibu ikanifunga miguu.

Mwaka uliofuata nilikuja Geita. Nikaulizia duka la Maulidi wa vitenge, nikasimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi hadi saa nane. Ulikuwa umesukwa nywele, umevaa gauni la manjano, unacheza kwenye marobota. Unacheka. Nikasema, huyu hana shida ya bibi. Nikarudi nyumbani.

Sikukuzalisha hapa, sikukubeba mgongoni. Hilo nimelitamani mpaka likawa kama kweli. Njia ya mwongo fupi, nawe na tarehe zako mmenikamata. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu anaitwa Zuhra.

Sitakusumbua tena. Kunywa maziwa, hata ya dukani.

Limi

*

Kalangalala
8 Oktoba 2024

Bibi,

Hakuna aliyeniambia kitu. Hakuna hata mmoja. Kibuyu nilikiosha kwa sabuni kwa sababu nimekulia kwenye majagi ya plastiki, na huku mjini chombo cha mtu ukikirudisha bila kukiosha unaitwa mchafu. Nilisugua mpaka mkono ukaniuma, tumbo hili limenizuia, nikijisifu moyoni kwamba Bibi ataona mjukuu wake ni msafi. Sikujua mila yenu. Nani angenifundisha?

Kwa hiyo umenijibu swali ambalo ulidhani nimeshajibiwa. Yote nimeyajua leo, nikiwa nimesimama stendi, barua mkononi, watu wananisukuma na mizigo yao.

Mabaki.

Miezi hii yote nilikuwa na kinyongo na Baba. Nilikuwa nasema, kwa nini alinidanganya kwamba mmekufa? Nikamwita mchoyo, aliyetaka mtoto awe wake peke yake. Nimekwenda hadi kaburini nikamwuliza kwa sauti. Kumbe alikuwa ananificha hili. Aliona afadhali niwalilie ndugu waliokufa kuliko nijue walio hai hawakunitaka. Akabeba jina la mwongo, na mimi mwenyewe nikamwita hivyo akiwa mchangani hana wa kumtetea.

Nimebakiza siku chache kujifungua. Sijui nitaandika tena lini, na sitaki kukudanganya kwamba nitaandika.

Zuhra

*

Samuye
20 Oktoba 2024

Zuhra mama,

Siombi kitu. Mwambie Davis neno moja tu, amejifungua salama au la, naye atanipigia honi akipita Samuye. Moja ni salama. Honi hata mimi naisikia.

Hapa tangu juzi nimehamia barabarani, nimeweka kigoda karibu na kibanda cha mama muuza karanga. Watu wanadhani nimeanza biashara.

Limi

*

Kalangalala
1 Desemba 2024

Bibi, shikamoo.

Najua Davis alipiga honi. Ameniambia ulikuwa kibandani, ukasimama, ukaanza kucheza ngoma katikati ya barabara, lori la ng'ombe likasimama kukupisha. Sikutaka kucheka. Nimecheka.

Kwa wiki sita sikuwa na neno la kukuandikia. Mzee Abdulhalim, rafiki wa Baba wa duka la jirani, alikuja kumwona mtoto. Nikamsomea barua yako ile ndefu, yote, hata lile neno. Akaniambia jambo ambalo wewe hulijui.

Ile siku uliyokuja Geita, Baba alikuona. Alikujua tangu ulipofika. Alimwambia Abdulhalim, "Yule pale mama mkwe wangu. Asiitwe, asije akakimbia." Akaniweka mimi mbele, pale juu ya marobota, ili unione vizuri. Akaniambia nicheze. Akatoa kigoda, akakipangusa, akakiweka mlangoni upande wako. Akamtuma mtu alete soda mbili. Mpaka saa nane, Bibi, kigoda kilikuwa pale, soda zimepata moto, na yeye anahudumia wateja huku jicho liko ng'ambo. Ulipogeuka kuondoka alikaa mwenyewe kwenye kile kigoda. Abdulhalim anasema hakuwahi kumwona vile, si kabla wala baada.

Basi na mimi nimechoka kukasirika peke yangu. Nimelia siku ile yote, nimemnyonyesha mtoto nikilia, na nilipomaliza kulia nikajikuta nakusema kwa sauti, kama bibi na mjukuu wanavyosemana: Limi wewe! Kibuyu hakina miguu kimevuka bahari nzima. Wewe una miguu miwili, barabara ya Geita, hatua kumi na mbili, imekushinda!

Nimeumia, Bibi, na bado naumia. Nakuambia usije ukadhani yamekwisha. Lakini Baba na mama, waliotaka tuwe pamoja, wako mchangani, na waliobaki kulifanya hilo ni mimi na wewe tu.

Nimekuzalia mume. Ana kilo tatu na nusu, ana sauti ya mnadani, na masikio yameinuka juu, sijui ya nani. Arobaini yake imekwisha. Jina lake tumempa la babu yake. Anaitwa Maulidi. Utalizoea, kalitamke jikoni.

Shule zimefungwa. Jumamosi tarehe 14, basi la asubuhi, tutashuka Samuye. Maulidi atakuja kubisha hodi mlangoni kwako mara ya pili, nimemfunga mgongoni kwa kitenge. Hajui kuita Bibi, atakuwa na siku hamsini na kitu tu. Nitamwitia mimi.

Mke mwenzako,
Zuhra

*

Samuye
5 Desemba 2024

Zuhra,

Barua nimeisoma mara moja tu. Sijaweza kuirudia. Ile habari ya kigoda nitaisema kaburini kwake, utanipeleka.

Nimemtuma mtu kwa fundi seremala, yule wa karibu na mashine ya kusaga. Amekuja na nyundo na tindo, akaniuliza mlango una tatizo gani, unafunga vizuri tu. Nikamwambia hilo ndilo tatizo lake, ung'oe. Ameung'oa wote na fremu yake. Tumeupasua kuni.

Salome anasema nimechanganyikiwa, wezi wataingia. Mbuzi wameshaingia mara mbili tangu asubuhi.

Limi